Jumla pungufu, majina yaliyohama na tarehe isiyofika: uchambuzi wa faili moja la VICOBA

Kikundi hiki cha VICOBA, yaani cha kuweka akiba na kukopeshana, kipo Morogoro, hukutana kila Jumamosi, na kilipanga kuvunja mzunguko wake wa mwaka 2024 na kugawana akiba tarehe 7 Desemba. Katika wiki ya mwisho katibu alifungua faili la Excel alilokuwa akilijaza tangu Januari, akapanga majina na kuandaa karatasi ya kila mwanachama. Jumla chini ya kolamu ya kiasi ilisomeka 14,870,060. Daftari la mkono la mama mhazini lilisema 18,230,000. Pengo la zaidi ya shilingi milioni tatu na laki tatu.

Yakajitokeza mengine mawili. Mama mmoja aliyekuwa akinunua hisa nyingi kila wiki alionekana kuwa na akiba ndogo kuliko karibu wote. Na kulikuwa na malipo ya tarehe 10 Desemba, siku ambayo ilikuwa bado haijafika. Watu wanaosubiri hela za ada ya Januari wakiona mambo kama hayo kwa pamoja hawaulizi habari za kompyuta. Maneno yalianza chinichini, na yalimlenga mama mhazini, ambaye hajawahi hata kuiandika seli moja ya mwezi Oktoba kwenye faili hilo. Hilo liliniuma, kwa sababu daftari lake lilikuwa limesainiwa kila Jumamosi na hela zilihesabiwa mbele ya kikundi kizima, kisha zikafungiwa kwenye sanduku la kufuli tatu. Kama vitu viwili vinapingana, na kimoja kina saini za watu wazima wote waliokuwepo, ni haki kuanza kukihoji kile kingine.

Mwenyekiti aliniletea faili akiwa na katibu. Kijana alikuwa na macho mekundu. "Mwalimu, mimi sikugusa hela ya mtu. Nilibonyeza A mpaka Z tu." Nilimwamini kwa yote mawili. Hilo la pili peke yake linatosha kuvuruga faili zima bila mtu kugusa shilingi.

Kabla ya lolote tulitengeneza nakala, tukaibadilisha jina, na lile faili lililovurugika tukaliacha kama lilivyo. Kurudi nyuma kwa Ctrl+Z hakukuwezekana tena. Lilikuwa limehifadhiwa na kufungwa.

Sasa muundo wake. Kolamu A ilikuwa ya tarehe, B jina, C namba ya simu, E kiasi, F aina ya mchango (hisa, mfuko wa jamii au faini), G jumla inayoendelea. Kolamu D ilikuwa tupu. Katibu aliibana ikawa nyembamba na kuipaka kijani, ili itenganishe mtu na hela yake vizuri machoni. Maandishi yote yalikuwa yamewekwa katikati ya seli, vichwa vya kolamu kwa herufi nene, mipaka imechorwa kila mahali. Lilikuwa faili la kupendeza, na mapambo yake ndiyo yaliyoficha karibu kila ugonjwa tulioukuta.

Tuanze na kolamu ile ya kijani, kwa kuwa ndiyo iliyoleta madhara makubwa. Ukisimama kwenye seli moja na kubonyeza kitufe cha kupanga, Excel haipangi shiti nzima. Inatafuta eneo la data linalozunguka seli uliyosimamia, na eneo hilo linaishia pale inapokutana na kolamu tupu kabisa au mstari mtupu kabisa. Rangi haihesabiki, seli iliyopakwa kijani bila kitu ndani ni tupu. Katibu alisimama kolamu B, akabonyeza A mpaka Z. Excel ikaona eneo lake linaishia C. Tarehe, majina na simu vikahama pamoja kwa utaratibu mzuri kabisa. Kiasi, aina na jumla vikabaki palepale vilipokuwa. Hakuna onyo lililotokea. Onyo la kupanua uchaguzi huja pale mtu anapokuwa amechagua sehemu tu ya eneo ambalo Excel inaliona kuwa moja. Hapa iliona maeneo mawili tofauti, na moja ililipanga lote.

Ndiyo sababu mama wa hisa nyingi alikuwa "maskini": jina lake lilikuwa limekaa mbele ya faini za watu wengine. Na kwa kuwa kolamu G haikuhama pamoja na majina, ilisomeka sawasawa toka juu mpaka chini, bila ruko lolote la kumshtua mtu.

Je, mistari iliyoachana inaweza kuunganishwa tena? Ndani ya faili lenyewe, hapana. Hakuna kinachobaki kuonyesha jina fulani lilikuwa mstari wa ngapi, labda uwe umeweka kolamu ya namba za mfululizo tangu mwanzo. Kikundi kiliokolewa na vitu viwili. Kwanza, mwishoni mwa Septemba katibu alituma faili kwenye kundi la WhatsApp ili wanachama waone michango yao. Nakala ile ilikuwa bado ipo, imekamilika mpaka Jumamosi ya tarehe 28 Septemba, haijapangwa. Pili, zile kolamu E mpaka G ambazo hazikuhama zilikuwa bado katika mfuatano wa kuandikwa, yaani mfuatano wa daftari. Kwa hiyo kwa Oktoba na Novemba, Jumamosi tisa tu, mama mhazini alisoma daftari kwa sauti, katibu akaandika tarehe, jina na simu mbele ya kiasi kilekile. Kila mstari kiasi cha daftari kilipolingana na cha kwenye faili, tulijua tupo sawa. Kazi ya jioni moja. Bila nakala ile ya WhatsApp ingekuwa kuandika upya mwaka mzima.

Kisha tukafuta kolamu ya kijani. Anayehitaji nafasi ya kupendeza, apanue upana wa kolamu.

Mistari sasa ilikuwa imeshikamana, lakini jumla ilikuwa ileile: 14,870,060. Hapa katibu alishajaribu jambo ambalo karibu kila mtu hulijaribu: kuchagua kolamu nzima na kuibadilisha fomati iwe "Number". Hakuna kilichobadilika, na hakiwezi kubadilika kwa njia hiyo. Fomati ni nguo. Namba ukiivisha koma, desimali au alama ya hela inabaki namba; maandishi ukiyavisha fomati ya namba yanabaki maandishi mpaka yaandikwe upya ndani ya seli.

Kujua seli ngapi zimebeba maandishi ni rahisi. Tuliandika =COUNTA(E2:E1128), ambayo huhesabu kila seli yenye kitu, ikatoa 1,127. Halafu =COUNT(E2:E1128), ambayo huhesabu namba tu, ikatoa 1,013. Seli 114 zilikuwa zinaonekana kama hela lakini kwa Excel ni maneno. SUM inapokutana na maneno ndani ya kolamu inayapita kimya kimya. Hata ile jumla inayoendelea ilitumia =SUM(E$2:E2), nayo ikapita kimya. Laiti katibu angetumia alama ya kujumlisha, =G2+E3, seli ya kwanza ya aina hiyo ingetoa #VALUE! na kosa lingejulikana Januari. Mimi bado naipendelea SUM kwa jumla inayoendelea, kwa kuwa haivurugiki ukipanga upya, lakini basi lazima iwepo ile hesabu ya COUNT pembeni ya kuilinda.

Tuliondoa mpangilio wa katikati kwenye kolamu E, na jambo likajieleza lenyewe. Excel ikiachwa bila kuamriwa hupeleka namba kulia na maandishi kushoto. Seli 114 zikakimbilia kushoto. Kila ninapoletewa faili lenye utata wa kupanga, hili ndilo jambo la kwanza ninalolifanya, na mara nyingi ndilo linalonionyesha pa kuanzia. Wengi hutegemea pembetatu ya kijani kwenye kona ya seli, lakini hiyo hujitokeza pale maandishi yanapokuwa yanasomeka kama namba halali. Yetu mengi hayakuwa hivyo.

Yalikuwa ya aina tatu. Mengi yalikuwa na mkia wetu wa siku zote: 10,000/=. Tumezoea kuuandika kwenye risiti na bahasha, na kwenye karatasi unazuia mtu asiongeze sifuri. Kwenye seli unageuza hela kuwa neno. Tulitumia "Find and Replace", tukatafuta /= na kuacha sehemu ya kubadilishia tupu. Excel inapobadilisha huisoma seli upya, kwa hiyo 10,000/= ikawa 10,000 ya kweli na kuhamia kulia papo hapo.

Aina ya pili zilikuwa seli zilizonakiliwa kutoka kwenye taarifa ya miamala ya simu. Zilionekana safi, 15,000 bila mkia wowote, ila =LEN ya seli ilisema herufi 7 badala ya 6. Herufi ya mwisho tuliiuliza kwa =CODE(RIGHT(E214,1)), ikajibu 160. Hiyo ni nafasi isiyokatika, ndugu wa nafasi ya kawaida ambayo namba yake ni 32. Fomula ya TRIM huondoa ya 32 peke yake. Ya 160 haiigusi, na ndiyo maana watu hulalamika kwamba TRIM haifanyi kazi. Njia nyepesi ni kuingia ndani ya seli, kunakili ile nafasi yenyewe, kuibandika kwenye kisanduku cha kutafutia, na kuibadilisha kwa hewa tupu. Anayetaka fomula aandike =VALUE(SUBSTITUTE(E214,CHAR(160),"")).

Aina ya tatu zilikuwa chache: herufi O mahali pa sifuri. Zilibaki kushoto baada ya zile mbili kuisha, tukazirekebisha kwa mkono huku daftari likiwa wazi.

Jumla ikapanda mpaka 18,165,060.

Zile 60 za mwisho zilikuwa zinanisumbua tangu mwanzo. Kikundi hiki hakipokei mchango wa shilingi sitini, wala hakuna hesabu ya hisa, jamii na faini zake inayoweza kuishia na 60. Tukapanga kolamu kuanzia kidogo kwenda kikubwa, safari hii shiti nzima ikihama pamoja, na juu kabisa zikakaa seli tatu zenye 20. Mtu aliandika 20.000 kwa nukta badala ya koma. Excel iliisoma nukta kama desimali, ikahifadhi ishirini, na sifuri za nyuma zikadondoka. Kosa hili ni baya kuliko lile la maandishi. Seli hizo ni namba halali, zinakaa kulia, COUNT inazihesabu, hazina alama yoyote ya kujulisha. Kinachozifichua ni kupanga na kutazama ncha mbili za kolamu: vilivyo vidogo kupita kawaida na vilivyo vikubwa kupita kawaida. Tatu zile zikawa 20,000, na jumla ikafika 18,225,000. Elfu tano iliyobaki tuliipata kwenye daftari: faini moja ya Mei ambayo haikuwahi kuingizwa. Hesabu za mama mhazini zilikuwa sahihi mpaka shilingi ya mwisho, na nilimwomba mwenyekiti alitamke hilo mbele ya kikundi kwa maneno hayohayo, si kwa kupitapita.

Zikabaki tarehe. Kompyuta ya katibu ilinunuliwa ikiwa imetumika, na mipangilio yake ya nchi ilikuwa ya Marekani, ambako mwezi huandikwa kabla ya siku. Yeye aliandika kama tunavyoandika sote, siku kwanza. Alipoandika 12/10/2024 akimaanisha Jumamosi ya tarehe 12 Oktoba, kompyuta ilielewa tarehe 10 Desemba. Hayo ndiyo malipo "ya kesho kutwa" yaliyowatia watu hofu. Alipoandika 13/01/2024, kompyuta haikuujua mwezi wa 13, ikaacha maandishi. Kwa hiyo kolamu moja ilibeba vitu viwili: tarehe zilizogeuzwa, na maandishi yaliyobaki sahihi machoni lakini si tarehe. Ukipanga, Excel hutanguliza namba, na tarehe kwake ni namba tu ya siku kuanzia mwaka 1900 (3 Februari 2024 ni 45325). Maandishi hufuata baadaye, yakipangwa kwa herufi, hivyo 13/04 inatangulia 20/01. Kwenye shiti ya mikopo hali hii ilitaka kumdhulumu mtu kabisa: rejesho la 9 Machi lilisomeka 3 Septemba, na fomula ya faini ya kuchelewa ikamhesabia miezi asiyodaiwa.

Hili si tatizo la vikundi vidogo tu. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilibadilisha majina ya jeni kadhaa, SEPT1 ikawa SEPTIN1 na MARCH1 ikawa MARCHF1, kwa sababu Excel ilikuwa ikizigeuza kuwa tarehe za Septemba na Machi.

Kugeuza kila tarehe kungekuwa kosa jipya. Mistari ya Julai na Agosti katibu aliibandika kutoka kwenye faili la mama mhazini, maana wakati huo yeye alikuwa safarini, na kompyuta ya mama inasoma siku kwanza. Zile zilikuwa sahihi. Tuzitenganisheje? Kilichotusaidia ni utaratibu wa kikundi chenyewe: wanakutana Jumamosi tu. =WEEKDAY ya tarehe ya kweli lazima itoe 7. Tarehe 9 Machi 2024 ni Jumamosi. Ikigeuzwa kuwa 3 Septemba inaangukia Jumanne. Basi tukaandika kwenye kolamu ya pembeni:

=IF(ISTEXT(A2),DATE(RIGHT(A2,4),MID(A2,4,2),LEFT(A2,2)),IF(WEEKDAY(A2)=7,A2,DATE(YEAR(A2),DAY(A2),MONTH(A2))))

Kwa lugha ya kawaida: kama ni maandishi, ijenge tarehe kutoka vipande vyake, kama ni tarehe na ni Jumamosi, iache, kama si Jumamosi, badilishana siku na mwezi.

Ilitibu karibu zote, lakini mwaka 2024 una mtego. Tarehe 6 Januari ni Jumamosi, na 1 Juni ni Jumamosi. Ukibadilishana siku na mwezi, moja inakuwa nyingine. Vivyo hivyo 3 Februari na 2 Machi. Jumamosi nne zilizogeuzwa na bado zikafaulu mtihani. Tulizigundua kwa sababu mwanachama aliyejiunga Mei alionekana amechangia tarehe 6 Januari. Mistari ya siku hizo nne yote ilikuwa mkono wa katibu, kwa hiyo tuliigeuza kwa pamoja kisha tukailinganisha na daftari jina kwa jina. Fomula ikikupa majibu mazuri mara mia, ile ya mia na moja bado inahitaji kitu cha nje ya kompyuta cha kuithibitisha.

Matokeo yalinakiliwa na kubandikwa kama thamani tupu juu ya kolamu A, fomula zikaondolewa. Mipangilio ya nchi kwenye kompyuta tuliibadilisha pia, ingawa hiyo inasaidia maandishi yajayo tu. Yaliyokwisha kuingia hayajirekebishi.

Namba za simu zilikuwa na kasoro nyepesi. Zilizoanza na 255 zina tarakimu 12, na Excel ikiachwa na fomati ya kawaida huzionyesha kwa ufupi, zikiwa zimekadiriwa, kama 2.56E+11. Namba yenyewe bado imo ndani. Badilisha fomati, inarudi. Hatari inakuja ukilihifadhi faili kama CSV, yaani faili la maandishi matupu yanayotenganishwa kwa koma, likiwa katika hali hiyo, kwa kuwa CSV huandika kinachoonekana, na tarakimu za nyuma hupotea moja kwa moja. Zilizoanza na sifuri zilishapoteza sifuri yake, jambo ambalo hurekebishika kwa kuwa tunajua ilikuwepo.

Namba za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa, hazikuwa na bahati hiyo. Zina tarakimu 20, na Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Zinazofuata huzigeuza sifuri. Kwenye shiti ya wanachama, wale walioandikiwa namba zao pamoja na vistari walisalimika, kwa sababu vistari viliifanya iwe maandishi. Walioandikiwa mfululizo bila vistari walikuwa na sifuri tano mwishoni, wote. Hapo hakuna fomula wala nakala itakayosaidia, maana tarakimu hazikuhifadhiwa hata mara moja. Kolamu ya namba ambayo hutaijumlisha kamwe, iwe ya NIDA, ya simu au ya akaunti, ipe fomati ya "Text" kabla hujaandika kitu.

Kwa mzunguko mpya katibu aliandaa faili lingine. Data imegeuzwa kuwa jedwali kamili kwa Ctrl+T, hivyo kupanga kunahamisha mstari mzima. Kuna kolamu ya namba za mfululizo ambayo haibadilishwi. Tarehe zinaandikwa kwa mtindo wa 2025-01-11, ambao kompyuta yoyote inausoma vilevile. Kolamu ya kiasi imewekewa sharti la "Data Validation" lisilokubali maandishi wala namba iliyo chini ya 500, na juu ya shiti zipo COUNT na COUNTA zikitazamana. Mama mhazini ameomba afundishwe kuzisoma hizo mbili, na sasa kila Jumamosi yeye ndiye anayezikagua kabla ya katibu kufunga faili. Mgao ulifanyika tarehe 7 Desemba kama ilivyopangwa. Wanachama ambao namba zao za NIDA ziliharibika waliambiwa waje na vitambulisho vyao kwenye mkutano wa kwanza wa Januari.